Jinsi ya kumwomba Mungu haja za kila siku, za mwili, moyo na roho: mwongozo kamili hatua kwa hatua

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Hili jambo nimekuwa nikilifundisha kwenye kikundi chetu cha maombi pale mtaani na kila mara watu wananiambia mtumishi tuandikie tuwe nalo kwenye simu, kwa hiyo leo nimekaa nikaliandika lote.

Tatizo ninaloliona kwa wengi ni hili. Mtu anaomba saa nzima, anavunja laana za ukoo, anaombea taifa, anaombea mafanikio ya mwaka mzima, alafu akishasema Amina anarudi kukaa kitandani na wasiwasi uleule wa kodi ya nyumba, presha ileile, kinyongo kilekile na wifi yake, kwa sababu hivyo vitu hakuvitaja kabisa mbele za Mungu. Aliona ni vidogo, au aliona aibu. Sasa Yesu alipowafundisha wanafunzi wake kuomba hakuwapa ombi la mwaka, aliwaambia waseme "Utupe leo riziki yetu" (Mathayo 6:11). Leo. Na mimi nataka ujifunze kuomba hivyohivyo, uitaje haja ya leo kwa jina lake na umwamini Mungu kwa leo, kesho utakuja tena.

Hatua ya 1: Chagua muda na mahali, usilifanye gumu

Yesu aliamka alfajiri kabla hakujapambazuka akaenda mahali pasipo watu (Marko 1:35), Danieli alikuwa na mara tatu kwa siku. We angalia maisha yako yanaruhusu nini. Mama mwenye kichanga hawezi kuamka saa kumi ya usiku kila siku na Mungu anajua hilo. Dereva wa bodaboda anaweza kuomba akiwa kijiweni anasubiri abiria. Anza na dakika kumi au kumi na tano asubuhi na dakika tano usiku, ila ziwe zilezile kila siku. Simu iweke mbali, au kama Biblia yako iko kwenye simu basi zima data kwanza. Hapa sina mengi, tuendelee.

Hatua ya 2: Jua unaongea na nani kabla hujaanza kuomba vitu

Kabla ya riziki, Baba Yetu inaanza na Baba, jina lake litukuzwe, ufalme wake uje, mapenzi yake yatimizwe. Dakika mbili za mwanzo kaa hapo. Sio kwamba unampamba Mungu ili akupe, maana Yesu alishasema "Baba yenu anajua mnayohitaji ninyi kabla hamjamwomba" (Mathayo 6:8). Unajikumbusha wewe mwenyewe uko mbele ya nani. Mtu akiomba kama yuko mbele ya bosi mkali ombi lake linakuwa la kujitetea na kuogopa, lakini akijua yuko kwa Baba anasema ukweli.

Alafu angalia vizuri sehemu ya pili ya ile sala. Kuna riziki, hiyo ni mwili. Kuna utusamehe deni zetu kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu, hapo moyo unaguswa na mahusiano yetu yote na watu. Kuna usitutie majaribuni utuokoe na yule mwovu, hiyo ni vita ya roho. Mwili, moyo na roho vyote viko kwenye sala moja fupi ambayo hata mtoto wa Sunday school anaijua, na havijatenganishwa. Kwa hiyo mtu akikuambia kuombea unga na mafuta ya kula ni kuomba kimwili sana, mrudishe hapo. Unga umetajwa kabla hata ya msamaha.

Hatua ya 3: Andika haja zako, na utenganishe ya leo na ya kesho

Hii hatua wengi wanairuka na ndio inayobadilisha kila kitu, naomba uichukue kwa uzito. Tafuta daftari, lile la kawaida tu la dukani. Kila asubuhi andika tarehe alafu mistari mitatu, mwili, moyo, roho. Kwenye kila mstari andika kitu kimoja au viwili vinavyokubana leo. Usiandike "baraka". Usiandike "mafanikio". Andika kitu ambacho jioni ukikaa unaweza kujua kama umekipata au bado.

Nitoe mfano wa dada mmoja kwenye kikundi chetu anayeuza vitumbua asubuhi, amenipa ruhusa kuusema. Alivyoanza alikuwa anaandika "Bwana fungua milango ya biashara". Tukakaa naye nikamuuliza dada yangu, leo hii ukiamka unahitaji nini hasa? Akasema mchele wa kuloweka kwa ajili ya kesho, nazi mbili, mafuta yanakaribia kuisha, na nauli ya mtoto ya shule kwenda na kurudi. Tukaandika hivyohivyo. Kwenye moyo akakaa kimya muda, alafu akaandika "mume wangu hajapiga simu toka Jumapili, naogopa". Kwenye roho akaandika "nimeacha kusoma Neno". Ukurasa mmoja, mistari isiyofika kumi. Siku hiyo aliomba huku analia, na aliniambia hajawahi kuona Mungu yuko karibu na jiko lake namna ile, kwa sababu kwa mara ya kwanza alikuwa anamwambia mambo ya jikoni kwake.

Sasa ya kesho unafanyaje? Maana ada ya muhula ipo, kodi ya miezi mitatu ipo. Soma Kutoka 16. Wana wa Israeli kule jangwani walipewa mana, chakula kutoka mbinguni, ya siku moja, kila mtu pishi moja, wakaambiwa wasibakize mpaka asubuhi. Wako waliobakiza, ikaingia mabuu na kunuka. Siku ya sita tu ndo waliokota mara mbili kwa ajili ya Sabato. Mungu hakukataza mipango pale, maana hiyo ya siku ya sita ni mipango kabisa, ila alikuwa anawafundisha kumtegemea kila asubuhi kwa miaka 40. Kwa hiyo haja kubwa, kama ada, iandike ukurasa wa nyuma wa daftari na tarehe yake ya mwisho, alafu ya leo uliza, kwenye hii ada sehemu ya leo ni ipi? Labda leo ni kwenda kuongea na mwalimu mkuu uombe kulipa kwa awamu. Basi leo ombea hayo mazungumzo, omba upate kibali na maneno sahihi. Ada nzima bado iko mikononi mwa Mungu lakini wewe hujaibeba yote mgongoni tangu saa kumi na mbili asubuhi.

Na ukitaka kujua kama kuandika maombi kuna faida, mwangalie George Müller, mzaliwa wa Prussia aliyefungua nyumba za yatima Bristol kule Uingereza kuanzia 1836. Mpaka anafariki 1898 watoto zaidi ya 10,000 walikuwa wamelelewa kwenye zile nyumba, na msimamo wake ulikuwa kutowaomba watu hela bali kumwambia Mungu. Aliandika maombi yake na majibu yake kwa mpangilio, na hesabu za fedha pia. Imani ya huyu mtu ilikuwa na daftari.

Hatua ya 4: Omba haja za mwili bila aibu

Chukua mstari wa kwanza na uuombe. Maneno yawe ya kawaida. Mfano:

*"Baba, leo sina hela ya luku na umeme unaisha usiku huu. Nina wateja wawili walioniahidi kulipa. Naomba uwaguse walipe, na wasipolipa unionyeshe njia nyingine ya halali. Nipe nguvu ya kufanya kazi leo. Asante kwa sababu jana tulikula."*

Umeona ni fupi, ila kila kitu kimetajwa. Na ile "ya halali" usiiache. Kwenye Mithali 30:8-9 kuna ombi zuri mno la Aguri, anamwambia Mungu asimpe umaskini wala utajiri, "Unilishe chakula kadiri ya haja yangu", maana akishiba sana anaweza kumkana Mungu na akiwa maskini sana anaweza kuiba. Huyu mzee alikuwa anajijua. Ombi la riziki linatakiwa kubeba na namna ya kuipata.

Kuhusu madeni niseme kidogo kwa sababu watu wanaumia kimya, hasa hii mikopo ya kausha damu, yaani ya riba kubwa mno, na ya kwenye simu. Usiombe tu "Bwana nifutie deni". Andika unadaiwa na nani, shilingi ngapi, lini. Alafu omba ujasiri wa kupokea simu ya anayekudai. Kuna watu wanaombea deni mwezi mzima huku wamemblock mdai. Mpigie, mwambie ukweli wa hali yako, toa ulichonacho hata kama ni kidogo, hiyo nayo ni sehemu ya maombi yako. Na omba Mungu akuzuie usikope huku ili ulipe kule.

Ugonjwa nao. Yakobo 5:14 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana, kwa hiyo waite, usiugue kimyakimya. Lakini soma na 2 Wafalme 20, mfalme Hezekia alikuwa karibu kufa, akaomba, Mungu akamwahidi kabisa kupitia nabii Isaya kwamba atapona na ataongezewa miaka 15, na baada ya ahadi hiyo Isaya akaagiza waweke mkate wa tini juu ya jipu lake. Ahadi ilikuwepo na dawa ikawekwa. Ukiwa na presha, sukari, au unatumia ARV (dawa za VVU), shika kidonge mkononi, mshukuru Mungu kwa hicho kidonge, meza, alafu endelea kuomba uponyaji. Mtumishi yeyote anayekuambia uache dawa ili uonyeshe imani, ondoka kwake. Nasema hivyo kwa upendo na kwa uchungu.

Na hakuna sehemu kwenye Biblia ambapo riziki ya leo inanunuliwa. Tunakumbuka Moshi, Februari 2020, watu 20 walivyofariki kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako kwenye ibada. Wale walikuwa watu wenye haja za kweli, magonjwa, ndoa, ajira, kama mimi na wewe. Inaniuma kwamba hakuna aliyewaambia mapema kwamba Baba yao anawasikia wakiwa chumbani kwao, mlango umefungwa (Mathayo 6:6), bure.

Hatua ya 5: Leta moyo wako kama ulivyo

Hapa tuchukue muda. Kanisani tumezoea kwamba ukiulizwa hali unajibu "nimebarikiwa", hata kama umelala unalia. Wanaume ndo zaidi, mtu amefiwa na mama yake, siku ya tatu anarudi kazini, hakuna aliyemuuliza moyo wako vipi, na yeye hajamwambia hata Mungu. Hasira, woga, upweke, aibu, msiba ambao haujaisha, hizi ni haja kama njaa ilivyo haja, na Zaburi zimejaa watu wanaozisema wazi.

Nakupa njia ya kuomba ukiwa na moyo mzito, nimeitoa Zaburi ya 13 kwa sababu ni fupi, mistari sita tu, unaweza kuikariri.

Kwanza *lalamika kwa Mungu mwenyewe*. Daudi anaanza "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Hajazunguka. We andika swali lako la "hata lini". Bwana hata lini nitakaa bila mtoto. Hata lini huyu kijana wangu atakuwa kwenye madawa. Usiogope, Mungu hajafuta hiyo Zaburi kwenye Biblia yake kwa hiyo haikumkosea heshima.

Pili *taja kinachoendelea ndani*. Daudi anasema ana huzuni moyoni mchana kutwa na adui anatukuka juu yake. Hapa usiseme tu "najisikia vibaya". Ni huzuni? Ni hasira? Ni wivu kwamba mdogo wako ameolewa kabla yako? Taja.

Tatu *omba kitu kimoja*. "Uniangalie, uniitikie." Labda leo unaomba usingizi tu. Labda unaomba uweze kukaa mezani na mwenzako bila kumjibu vibaya.

Nne *sema unachokijua kuhusu Mungu hata kama hukihisi*. Daudi anamalizia "Nami nimezitumainia fadhili zako". Angalia, adui yake hajaondoka kati ya mstari wa kwanza na wa sita. Ila ameshusha mzigo.

Mfano mwingine ninaoupenda ni Hana kwenye 1 Samweli 1. Anaomba midomo inachezacheza sauti haisikiki, kuhani Eli anadhani amelewa, anamjibu kwamba ameimimina roho yake mbele za BWANA. Alivyotoka pale akaenda akala na uso wake haukuwa na huzuni tena. Samweli bado hajatungwa mimba wakati huo! Mimba ilikuja baadaye kabisa baada ya kurudi nyumbani. Haja ya moyo wake Mungu aliigusa kabla ya ile haja nyingine, na ndo maana nasema ombea moyo kwa mstari wake peke yake, usisubiri tatizo liishe ndo upate amani.

Kuna jambo jingine watu wa maombi tunalisahau. Wakati mwingine moyo umechoka kwa sababu mwili umechoka. Eliya kwenye 1 Wafalme 19, siku chache tu baada ya moto kushuka Karmeli, anakimbia, anakaa chini ya mti wa mretemu anaomba afe. Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akala akalala tena, malaika akarudi mara ya pili akamwambia inuka ule maana safari hii ni kubwa mno kwako. Maongezi makubwa yalikuja baadaye kule Horebu. Kwa hiyo kama wiki nzima umekesha na hujala vizuri na unaona giza kila upande, maombi ya usiku huu yawe mafupi, kula, lala, kesho tutaongea. Na kama yale mawazo ya Eliya ya kutaka kufa unayo wewe, tafadhali usiku huuhuu mwambie mtu mmoja anayekupenda akae na wewe, na mwende hospitali, huko wapo wataalamu wa afya ya akili na kwenda kwao hakupunguzi wokovu wako hata chembe.

Msamaha unaingia hapahapa pia. Kama kuna mtu amekuumiza andika jina lake kwenye mstari wa moyo. Wengine utawasamehe leo, wengine utaomba kila siku miezi na miezi, "Baba, leo sijaweza, nisaidie nitake kumsamehe". Hilo ni ombi halali. Na kumsamehe mtu anayekupiga hakumaanishi urudi akupige, omba pia usalama na ukimbilie kwa watu.

Hatua ya 6: Haja za roho

Mtu akiwa na njaa ya mwili anajua, lakini roho inaweza kukaa na njaa mwaka mzima na mtu anaimba kwaya kila Jumapili. Omba vitu vitatu tu hapa. Omba hamu ya Neno, alafu soma kidogo hapohapo, hata mistari mitano, usiombe hamu ukafunga Biblia. Omba kusamehewa dhambi ya jana kwa kuitaja, bila kuizungushia maneno, na ukishaitubu amini umesamehewa (1 Yohana 1:9), usiitubu hiyohiyo kila asubuhi kama vile Mungu hakusikia. Na omba kuepushwa na jaribu unalolijua la leo. Wewe unajua. Kama ni pombe na leo ni siku ya mshahara, taja, alafu panga njia ya kurudi nyumbani isiyopita pale.

Ukiwa kwenye ukavu, yaani unaomba na huhisi chochote, kuna yule baba kwenye Marko 9:24 aliyesema "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", na Yesu akamponya mwanawe siku hiyohiyo. Omba hivyo. Inatosha.

Hatua ya 7: Ukishaomba, fanya sehemu yako

Nehemia alivyotishiwa na maadui wakati wa kujenga ukuta alisema walimwomba Mungu wao na wakaweka walinzi mchana na usiku (Nehemia 4:9). Vyote viwili kwenye sentensi moja. Chini ya ile mistari mitatu kwenye daftari andika mstari wa nne, "sehemu yangu leo", na kitu kimoja utakachofanya. Kupeleka CV. Kwenda kliniki. Kumpigia mama. Kimoja tu. Yanayobaki mwachie Mungu, na wasiwasi ukirudi mchana, maana utarudi, usianze ombi upya la nusu saa, sema tu kimoyomoyo "Baba hili nilishakupa asubuhi" uendelee na kazi. 1 Petro 5:7 inasema tumtwike yeye fadhaa zetu zote kwa maana yeye hujishughulisha sana kwa mambo yetu. Siku nyingine utamtwika mara ishirini na hakuna shida.

Hatua ya 8: Shirikisha watu, na uwe tayari kuwa jibu

Angalia sala ya Bwana, hakuna "nipe", ni "utupe". Ukiombea unga wako unamwombea na jirani. Paulo anachukua ile habari ya mana, kwamba aliyeokota nyingi hakuzidiwa na aliyeokota kidogo hakupungukiwa, anaitumia kuwafundisha Wakorintho kuchangia ndugu wenye shida (2 Wakorintho 8:15). Yaani ile mana ya leo inaweza kuwa iko kwenye mfuko wa mtu mwingine. Na huo mstari maarufu wa Wafilipi 4:19 kwamba Mungu atawajaza kila mnachokihitaji, Paulo anauandika akiwa kifungoni, akiwaambia watu ambao ndio kwanza wamemtumia msaada kwa mkono wa Epafrodito. Mungu alimlisha Paulo kupitia mikono yao.

Kwa hiyo chagua watu wawili watatu wanaojua kutunza siri na uwaambie haja zako za kweli. Sio kundi zima la WhatsApp. Na ukiwa unaomba asubuhi acha nafasi ya kuuliza, Bwana, leo kuna mtu unataka nimpelekee kitu? Yakobo 2:15-16 ni kali, kumwambia mwenye njaa nenda kwa amani ukashibe bila kumpa kitu haifai. Mtu akikuambia hana chakula, usimjibu "nitakuombea" wakati una debe la mahindi ndani. Mpe alafu muombe pamoja.

Kuna siku pia hutaweza kuomba kabisa, kama siku za msiba au ugonjwa mzito. Yule mwenye kupooza wa Marko 2 alibebwa na watu wanne, wakatoboa dari, na Biblia inasema Yesu aliiona imani *yao*. Kubali kubebwa.

Hatua ya 9: Jibu lisipokuja

Sitakudanganya kwamba kila ulichoandika utakipata. Paulo aliomba mara tatu ule mwiba katika mwili wake, yaani teso lililomsumbua, uondolewe, akaambiwa "Neema yangu yakutosha" (2 Wakorintho 12:9), mwiba ukabaki. Yesu mwenyewe Gethsemane alimwomba Baba aondoe kile kikombe, yaani mateso yaliyokuwa mbele yake, akamalizia na si kama nitakavyo mimi bali utakavyo wewe. Zaburi ya 88 inaisha gizani kabisa, hakuna mstari wa ushindi mwishoni, na bado ni maombi.

Kwa haja iliyokaa muda mrefu fanya hivi. Endelea kuiandika, usiifute kwa hasira. Chunguza kama kuna kitu Mungu anakuonyesha ubadilishe, ila usijitafutie dhambi ambazo hazipo, wala usikubali mtu akuambie mtoto wako alikufa kwa sababu imani yako ilikuwa ndogo. Hayo maneno yanaua watu. Omba pia neema ya leo ya kuishi bila hicho kitu, iombe kama ombi kamili.

Kufunga ni kuzuri, Yesu alifunga na alitarajia tufunge. Lakini funga kwa kiasi, kunywa maji, mjamzito na anayenyonyesha na mwenye sukari au vidonda vya tumbo waongee na daktari kwanza, au wafunge vitu vingine kama simu na televisheni. Watoto usiwafungishe. Baada ya yale ya Shakahola kule Kilifi 2023, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa ya watu waliofundishwa kufunga mpaka wafe, hakuna sababu ya mchungaji yeyote kunyamaza kwenye hili.

Hatua ya 10: Usiku, rudi kwenye daftari

Kabla ya kulala fungua ule ukurasa wa asubuhi. Kilichojibiwa weka alama na uandike kimekujaje, hata kama kimekuja kwa njia ya kawaida kabisa kama mteja kulipa au bosi kukupa lifti. Kilichobaki kihamishie kesho. Alafu shukuru kwa vitu vitatu ambavyo hata hukuviomba. Maliza na mstari mmoja wa kumkabidhi usiku, Zaburi 4:8 inafaa sana, "Katika amani nitajilaza na kupata usingizi mara". Waite na watoto kama wapo macho, wawe wanaona mnavyoweka alama, wataanza kuleta na ya kwao, penseli imepotea, tumbo linauma, mwenzao kawanyima kucheza. Yaandikeni yote.

Mwisho wa mwezi soma kurasa zote kwa mkupuo mmoja na mtu mwingine, mume, mke au rafiki. Hapo utaona vitu ambavyo kwa siku mojamoja havionekani, mfano kwamba mstari wa mwili unajibiwa sana ila wa moyo umekuwa na jina lilelile wiki nne, na hapo utajua mwezi unaokuja muda wako wa maombi uweke wapi zaidi na nani wa kumtafuta mkaongee. Ukiruka siku kadhaa katikati usirudi nyuma kujaza kurasa zilizokosekana. Andika tarehe ya leo, mwili, moyo, roho, sehemu yangu, uanze.